Kura Tumeipata, Sasa Tudai Daftari

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Huenda walikuwa wakimwonya mwenye duka, lakini onyo lao linatufaa sisi wananchi kuliko linavyomfaa mchuuzi yeyote. Kaunti zetu 47 ni duka la watu wote. Wanaosimama nyuma ya kaunta tumewaweka sisi kwa kura zetu, na mishahara yao hutokana na ushuru tunaotozwa sokoni na kodi iliyomo katika kila kipande cha sabuni tunachonunua. Hata hivyo, siku mwananchi atakapoomba kuliona daftari la duka lake, swali la kwanza atakaloulizwa langoni ni hili: "Wewe ni nani, na unalitakia nini?"

Hoja yetu katika makala haya ni moja. Haki ya kupiga kura, ambayo wenzetu walipigwa rungu, wakatiwa kizuizini na wengine wakapoteza maisha kwa ajili yake, haijakamilika mpaka raia wa kawaida aweze kuingia katika afisi ya kaunti yake, aombe karatasi inayoonyesha jinsi mali yake ilivyotumiwa, na aipate. Kura huja mara moja kila baada ya miaka 5. Katika siku zote zilizo baina ya uchaguzi mmoja na mwingine, mlinzi wetu ni kumbukumbu zilizoandikwa. Haki ya kuziona kumbukumbu hizo imekwisha kutiwa katika sheria za Kenya. Kilichobaki ni sisi kuitumia.

TULIKOTOKA

Vijana wengi wa leo hawakuuona mlolongo. Katika uteuzi wa wagombea wa KANU mwaka 1988, wakati chama hicho kilikuwa peke yake kisheria tangu mwaka 1982, wapiga kura waliamrishwa kupanga foleni nyuma ya mgombea, au wakala wake, au picha yake. Hapakuwa na karatasi ya kura wala sanduku. Mwenye kuhesabu alihesabu kwa macho na kutangaza kwa kinywa. Aliyetangazwa kuwa amepata zaidi ya asilimia 70 hakupitia tena kura ya siri. Alihesabiwa kuwa amechaguliwa bila kupingwa. Katika sehemu kadhaa watu walishuhudia mlolongo mfupi ukitangazwa kuwa mshindi mbele ya mlolongo mrefu. Aliyedhulumiwa akitaka kukata rufaa alirudi mikono mitupu, kwa maana foleni ikishatawanyika haihesabiwi tena.

Hilo ndilo funzo kubwa la mlolongo, na halihusu uchaguzi peke yake. Kisichoandikwa hakiwezi kuhesabiwa upya, na kisichoweza kuhesabiwa upya kimo mikononi mwa yule anayekitangaza. Wizi wa mwaka 1988 ulifanyika mchana kweupe, watu wakiwa maelfu, na bado haukuweza kuthibitishwa kwa sababu haukuacha karatasi.

Mwaka uliofuata, 1989, Profesa Wangari Maathai alipata habari kwamba jumba la ghorofa 60 lilikusudiwa kujengwa ndani ya bustani ya Uhuru Park jijini Nairobi. Tunakumbuka ujasiri wake, lakini mara nyingi tunasahau alivyoanza. Alishika kalamu. Aliiandikia Afisi ya Rais, akamwandikia mkuu wa mkoa na waziri wa mazingira, akaiandikia pia Tume ya Jiji la Nairobi, iliyokuwa ikiliendesha jiji bila madiwani wa kuchaguliwa tangu mwaka 1983. Wakubwa hao hawakumpa maelezo aliyoyataka, na bungeni alikejeliwa. Alipokwenda Mahakama Kuu, kesi yake ilitupwa kwa hoja kwamba hakuwa na msingi wa kushtaki kwa niaba ya umma. Jumba lile halikujengwa, na bustani ingali yetu hadi leo, lakini iliokolewa na kelele za mtu mmoja asiyeogopa na macho ya ulimwengu yaliyomfuata. Hapakuwa na sheria iliyomlazimisha karani yeyote wa jiji kujibu barua yake.

Kifungu cha 2A cha katiba ya zamani kilifutwa Desemba 1991, na tarehe 29 Desemba 1992 Wakenya walipiga kura chini ya vyama vingi. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini kabati la faili halikufunguliwa siku hiyo. Mwaka 1993 karani wa Benki Kuu, David Munyakei, alipotoa stakabadhi zilizosaidia kufichua kashfa ya Goldenberg, alikamatwa na kushtakiwa chini ya Sheria ya Siri za Serikali, akapoteza na kazi yake. Katika nchi ya vyama vingi, mwenye kuonyesha karatasi ndiye aliyefikishwa kizimbani.

Na huku chini, katika mabaraza ya miji na ya wilaya, mambo yalikuwa hivyo hivyo. Tume ya Ndung'u, iliyoteuliwa mwaka 2003 na kutoa ripoti yake mwaka 2004, ilieleza jinsi ardhi ya umma ilivyogawanywa kinyume cha sheria: viwanja vya michezo, vituo vya mabasi, vyoo vya umma, makaburi, hata hifadhi za barabara. Wanyakuzi hao hawakuja usiku na mapanga. Walikuja mchana na barua za kugawiwa viwanja zilizotiwa muhuri. Wananchi walijua kwamba uwanja wa watoto wao umekwenda siku walipoona mabati yamezungushwa. Kama barua ile ya kwanza ingalionekana na mkazi mmoja tu mwenye kujua kusoma, mabati hayo yangalipata upinzani kabla ya kupigiliwa msumari wa kwanza.

SHERIA INAVYOSEMA LEO

Katiba iliyotangazwa rasmi tarehe 27 Agosti 2010 ilipindua jambo hili. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na pia habari zilizo mikononi mwa mtu mwingine iwapo zinahitajika katika kutumia au kulinda haki yoyote. Mtu ana haki ya kutaka habari za uongo au za kupotosha zinazomhusu zirekebishwe au zifutwe. Kifungu cha 10 kinautaja uwazi miongoni mwa maadili ya taifa, nacho kifungu cha 201 kinaamuru uwazi na uwajibikaji katika fedha za umma.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, sehemu ya 96, inasema kwamba kila raia wa Kenya akiomba atapata habari zilizo katika serikali yoyote ya kaunti au idara yake yoyote. Kisha ikaja Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Ilisubiriwa kwa zaidi ya mwongo mmoja wa miswada iliyozaliwa na kufa. Jirani zetu wa Uganda walikuwa na yao tangu mwaka 2005. Hatimaye mswada uliowasilishwa na Priscilla Nyokabi, aliyekuwa mwakilishi wa wanawake wa Nyeri, ulipita, ukatiwa sahihi Agosti 2016 na kuanza kutumika Septemba mwaka huo huo.

Ni vyema kila mwananchi ayajue yaliyomo, kwa kuwa si magumu. Ombi huandikwa kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Asiyejua kuandika, au mwenye ulemavu unaomzuia, huomba kwa mdomo; afisa ndiye anayelazimika kuliandika ombi hilo na kumpa mwombaji nakala. Ombi halikataliwi kwa sababu tu mwombaji hakutumia fomu ya afisi. Kuwasilisha ombi hakutozwi ada. Kinachoweza kulipiwa ni gharama halisi ya kutoa nakala. Afisa anatakiwa kuamua ndani ya siku 21. Habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu, itolewe ndani ya saa 48. Afisa anaweza kuongeza muda mara moja tu, usiozidi siku 14, iwapo habari ni nyingi au inahitaji mashauriano. Akinyamaza mpaka muda upite, sheria inauhesabu ukimya wake kuwa ni kukataa, na mwombaji anaweza kupanda ngazi inayofuata.

Na lile swali la langoni? Sheria imelijibu. Haki ya raia haiathiriwi na sababu anayoitoa ya kutaka habari, wala na dhana ya afisa kuhusu sababu hiyo. Kwa hiyo, ukiulizwa unalitakia nini daftari, jibu lililo kamili ni kwamba wewe ni raia wa Kenya.

NI MALI KIASI GANI, NA NI YA NANI?

Huenda msomaji akauliza kwa nini tunapigia kelele afisi za kaunti wakati mabilioni makubwa yako Nairobi. Tunajibu kwamba mlango ulio karibu nawe ndio unaoweza kuubisha. Katika mwaka wa fedha wa 2013/2014, wa kwanza wa ugatuzi, kaunti ziligawiwa shilingi bilioni 190 kutoka mapato ya taifa. Katika mwaka wa 2023/2024 mgao huo ulikuwa bilioni 385.4. Fedha hizo ndizo zinazoendesha zahanati na hospitali za kaunti, barabara za kaunti, maji, masoko, shule za chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, na uzoaji wa taka. Kwa ufupi, ni mambo yale yanayomgusa mtu kuanzia anapoamka hadi anapolala.

Mama mjamzito anapofika katika zahanati na kuambiwa akanunue glavu na dawa katika duka la ng'ambo ya barabara, kuna karatasi inayoweza kueleza kwa nini. Ipo hati ya kupokea dawa kutoka KEMSA au kwa muuzaji mwingine. Kipo kitabu cha stoo kinachoonyesha zilizoingia na zilizotoka. Yapo malipo yaliyofanywa, au deni lililoachwa bila kulipwa hata muuzaji akasitisha kuleta. Kila moja ya karatasi hizo inaelekeza lawama mahali tofauti. Bila kuziona, tunabaki kumfokea muuguzi, ambaye pengine naye ni mwathiriwa kama sisi. Mara nyingi hasira isiyo na karatasi humwangukia mnyonge aliye karibu.

Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kuhusu kaunti, mwaka baada ya mwaka, hutaja matumizi ambayo stakabadhi zake hazikuonyeshwa kwa wakaguzi. Mkaguzi naye huja mwaka wa fedha ukiwa umekwisha, fedha zimekwisha kutumika, na mwanakandarasi amekwisha kuondoa matingatinga yake. Raia anayeishi kando ya barabara hiyo anaweza kuuliza leo, simiti ikiwa bado mbichi.

VISINGIZIO NA MAJIBU YAKE

Kisingizio cha kwanza ni kwamba kandarasi ni siri baina ya kaunti na kampuni. Hili halina mguu wa kusimamia. Sheria ya mwaka 2016 inaitaka afisi ya umma, mara inapotia sahihi mkataba, itangaze bila kuombwa kazi inayofanywa, kiasi cha fedha, jina la anayeifanya na muda wa kuimaliza. Mnamo Mei 2022 Mahakama Kuu mjini Mombasa, katika kesi ya Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo, iliamua kwamba serikali ilivunja haki ya raia kwa kuficha mikataba ya reli ya SGR, na ikaamuru itolewe. Serikali ilikuwa imejitetea kwa vipengele vya usiri vilivyoandikwa ndani ya mikataba hiyo. Ikiwa mkataba wa reli ya kutoka Mombasa hadi Nairobi, uliofungwa na kampuni ya kigeni kwa mabilioni ya fedha, hauwezi kufichwa raia, itakuwaje mkataba wa daraja la miguu katika wadi uwe siri ya dola?

Kisingizio cha pili ni kwamba faili haionekani. Faili haina miguu. Sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 inaagiza kumbukumbu za kila zabuni zihifadhiwe kwa muda usiopungua miaka 6 baada ya mkataba kukamilika. Sheria ya mwaka 2016 inaiamuru kila afisi itunze kumbukumbu zake vizuri, na iliipa miaka 3 tu kuziingiza katika kompyuta. Tena ni kosa la jinai kuiharibu, kuibadilisha au kuificha kumbukumbu kwa nia ya kuzuia isitolewe. Afisa akisema faili imepotea, mwombe alitie neno hilo katika maandishi na sahihi yake. Mara nyingi faili huonekana kabla ya wino kukauka.

Kisingizio cha tatu ni kwamba afisi haina watu wa kutosha wala muda. Hapa tuwakumbushe lililofanyika baada ya uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022. Tume ya Uchaguzi iliweka hadharani picha za Fomu 34A kutoka vituo zaidi ya 46,000, na raia yeyote mwenye simu yenye intaneti aliweza kuketi kwake na kujumlisha mwenyewe. Wapo waliokubali matokeo na wapo waliokwenda mahakamani, lakini hakuna aliyelazimika kukubali au kukataa kwa kusikia tu. Tulifika huko kwa sababu ya maumivu, ikiwemo hukumu ya Mahakama ya Juu ya tarehe 1 Septemba 2017 iliyobatilisha uchaguzi wa urais. Ikiwa karatasi 46,000 za kura ziliweza kuanikwa katika siku chache, je, kaunti haiwezi kuanika kandarasi zake za mwaka mzima? Afisi inayochapisha mambo yake bila kuombwa hujipunguzia foleni ya waombaji.

Kisingizio cha nne husemwa kwa sauti ya chini: kwamba wapinzani watazitumia habari hizo kumpaka gavana matope. Huenda wapo watakaofanya hivyo. Lakini mfumo wa vyama vingi ndivyo ulivyo. Tuliupigania ili mwenye madaraka aangaliwe na wasiompenda. Kiongozi msafi hufaidika na daftari lililo wazi kuliko yeyote mwingine, kwa maana uvumi huishi pale ambapo karatasi haipo.

Ipo, hata hivyo, hoja moja ya haki ambayo hatuwezi kuipuuza. Si kila kilicho katika faili ni cha kuanikwa. Cheti cha mgonjwa ni chake na daktari wake, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inalinda habari za watu binafsi. Sheria ya mwaka 2016 yenyewe imetaja mipaka, kama vile usalama wa taifa, faragha, na mwenendo wa kesi. Lakini imeagiza pia manufaa ya umma yapimwe dhidi ya madhara, na imetaja kwa jina usimamizi wa matumizi ya fedha za umma kuwa mojawapo ya manufaa hayo. Tukiomba idadi ya dawa zilizoletwa, hatuombi majina ya wagonjwa. Anayeyachanganya mawili hayo mbele yetu anajificha nyuma ya mgonjwa.

WENZETU WALIOINGIA NDANI

Sasa tuseme neno ambalo huenda likawauma baadhi ya rafiki zetu. Tangu uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013 ugatuzi umewatia madarakani watu wa vyama mbalimbali. Chama kilicho upinzani Nairobi kinatawala katika kaunti fulani, na kinachotawala Nairobi ni upinzani katika kaunti nyingine. Hili ni jema. Lakini limetuzoesha tabia mbaya: tunadai uwazi kwa sauti kuu pale wanapotawala wengine, na tunakohoa kidogo tu pale wanapotawala wetu. Mwakilishi wadi wa chama cha gavana huona haya kuuliza; wa chama pinzani huuliza mpaka apewe kiti katika kamati, kisha hunyamaza.

Mapambano ya mageuzi hayakuwa ya kubadilisha wakaaji wa nyumba huku kufuli zikibaki zile zile. Mwanamageuzi akishika afisi na kurithi kabati lililofungwa, akaupenda ufunguo wake, basi amekuwa kile alichokipinga, hata kama kofia yake ina rangi nyingine. Kipimo chetu kiwe kimoja kwa vyama vyote. Kaunti yoyote inayojibu barua ya raia ndani ya siku 21 tuisifu, haidhuru ni ya nani. Ile isiyojibu tuiandikie tena, hata kama gavana wake ni wa kijiji chetu na jina lake tuliliimba katika kampeni.

Nasi wananchi tujitazame. Tunapopata nafasi ya kukutana na kiongozi, wengi wetu huomba karo, nauli, au mchango wa harambee. Hatulaumu shida, maana shida ni nyingi. Lakini anayetoa noti mfukoni kwa mkono mmoja huenda kwa mkono wa pili amekalia kandarasi ya zahanati yako. Siku tutakapoanza kumwomba nakala badala ya noti, ndipo ataanza kutuheshimu.

NAMNA YA KUDAI

Kwanza, uliza swali linaloweza kujibiwa kwa karatasi. Ukiandika, "Pesa za barabara yetu zilikwenda wapi?" utajibiwa kwa hotuba. Andika hivi: "Naomba nakala ya mkataba wa ukarabati wa barabara hii, jina la mwanakandarasi, jumla ya fedha, tarehe ya kukamilika, orodha ya kazi na bei zake, na vyeti vya malipo yaliyofanywa hadi leo." Taja mahali na mwaka wa fedha. Barua fupi yenye mambo matano mahususi ina nguvu kuliko kurasa kumi za malalamiko.

Pili, iandikie idara inayohusika au Katibu wa Kaunti, na ukumbuke kwamba mkuu wa afisi ya umma ndiye afisa wa habari kisheria, hata kama hajamteua mwingine wa kumsaidia. Ukiwa umekosea afisi, sheria inatoa siku 5 za kulihamisha ombi lako mahali panapostahili. Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Muhuri huo ndio saa yako. Siku 21 zinahesabiwa kutoka hapo.

Tatu, usiende peke yako ikiwa unahofu. Sheria inatambua pia taasisi zinazomilikiwa na Wakenya, kwa hiyo chama cha akina mama, ushirika wa wakulima, au kikundi cha vijana kinaweza kuomba. Barua ya watu thelathini haina mtu mmoja wa kutishwa.

Nne, muda ukipita au ukikataliwa, una siku 30 za kuliomba shauri lako lichunguzwe upya na Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huijua kama afisi ya Ombudsman. Huduma yake hailipiwi. Inaweza kuamuru habari itolewe, na amri yake inaweza kupelekwa Mahakama Kuu ikatekelezwa kama hukumu. Wanaoogopa kesi wafahamu kwamba barua nyingi hazihitaji kufika huko; afisa anayejua kuwa unajua njia hupenda kukujibu mapema.

Tano, ifahamu kalenda ya fedha. Mpango wa maendeleo wa kila mwaka hupelekwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na unapaswa kutangazwa kwa umma ndani ya siku 7 baada ya hapo. Makadirio ya bajeti hufika bungeni kufikia tarehe 30 Aprili. Mwenye kuomba stakabadhi Januari au Februari atafika kwenye kikao cha bajeti akiwa na hoja. Mwenye kungoja hadi Juni atafika kupiga makofi.

Na ukipata karatasi, usiifungie sandukuni. Isome barazani, kanisani au msikitini baada ya ibada, katika mkutano wa chama chenu cha akiba. Nenda nayo mpaka penyewe: ikiwa inasema makalvati 8, hesabu makalvati. Ukikuta kazi imefanywa sawasawa, litangaze hilo pia, ili afisa mwaminifu ajue kwamba uaminifu wake umeonekana.

Tunapendekeza jambo moja kwa kila mpenda mageuzi anayesoma ukurasa huu. Kabla ya makadirio yajayo ya bajeti kupelekwa katika bunge la kaunti yenu, kila wadi itoe barua moja, kuhusu mradi mmoja, yenye muhuri mmoja. Wadi za Kenya ni 1,450. Barua 1,450 hazihitaji ufadhili wa mtu yeyote, hazihitaji kibali cha polisi, wala hazivunjwi kwa vitoa machozi. Zinahitaji karatasi, kalamu, nauli ya kufika makao makuu ya kaunti, na moyo wa kurudi tena siku ya 22 ikiwa hakuna jibu. Wale waliosimama katika mlolongo wa mwaka 1988 hawakuachiwa hata kipande cha karatasi cha kudai haki yao. Sisi tumeachiwa katiba nzima, na tusiporudi siku hiyo ya 22, kosa halitakuwa la gavana peke yake.